Mtakwimu Mwenye Kalenda: Historia ya Kuhesabu Watu Masisi na Walikale

Mlangoni pa nyumba ya miti na udongo, kwenye vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, mhojaji anamuuliza mama umri wa mtoto aliyempakata. Cheti cha kuzaliwa hakuna. Mhojaji hang'ang'anii tarehe. Anafungua karatasi iliyokunjwa mara nne, iliyopangwa mwezi kwa mwezi, na kando ya kila mwezi limeandikwa tukio ambalo kijiji kizima kinalikumbuka: Noeli, uchaguzi, mavuno ya maharage, usiku mlima Nyiragongo ulipomwaga moto, wiki ambayo watu walikimbilia Sake.

“Alizaliwa mbele ya moto ya Goma, mama, ao nyuma?”

“Nyuma.”

“Maharage mulikuwa mumekwisha kuvuna?”

“Bado, ilikuwa ingali ku mashamba.”

Moto wa Goma ulikuwa usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Mhojaji anahesabu kwa vidole, kisha anaandika: Juni 2021.

Karatasi ile wataalamu huiita kalenda ya matukio ya mahali. Uchunguzi wa utapiamlo, wa chanjo au wa vifo unaitegemea kila mahali ambapo vizazi haviandikishwi, na katika Kivu ya Kaskazini mahali pa namna hiyo ni pengi. Ndiyo pia inayorudisha neno takwimu nyumbani kwake. Kabla halijawa jina la hesabu za serikali, takwimu lilikuwa jina la kalenda.

Neno lenyewe ni la Kiarabu, taqwim, kutoka mzizi wa q-w-m unaobeba maana ya kusimama na kunyooka. Kiswahili kimechota maji mara nyingi kwenye kisima hicho. Kaimu ni anayesimama mahali pa mwingine. Makamu, kima cha chini cha mshahara, ikama ya watumishi, hata siku ya kiama, yote ni ndugu wa tumbo moja. Katika Kurani, Surat at-Tin inalitumia neno taqwim kueleza jinsi mwanadamu alivyoumbwa kwa umbo lililo sawasawa. Kwa Waarabu taqwim ni pia jedwali la siku na miezi, na maana hiyo ndiyo iliyotia nanga pwani ya Afrika Mashariki, kwa watu waliohitaji kujua siku za mfungo, misimu ya kaskazi na kusi, na mwaka wa Nairuzi wenye siku 365. Kamusi ya Frederick Johnson, iliyochapishwa 1939, inaeleza takwimu kuwa ni kalenda.

Kutoka jedwali la siku hadi jedwali la idadi hakukuwa mbali. Serikali za Afrika Mashariki zilipohitaji neno la Kiswahili kwa elimu ya kukusanya, kupanga na kufasiri tarakimu, takwimu lilikuwa limekaa tayari, na leo Waswahili wengi wakilisikia hawafikirii kalenda hata kidogo. Likapewa kiambishi cha watu, akazaliwa mtakwimu, na wingi wake watakwimu. Wengine husema mwanatakwimu, wengine mtaalamu wa takwimu. Tanzania Bara ina Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na mkuu wake hubeba cheo cha Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Zanzibar ina Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali yake yenyewe.

Neno mtakwimu lina mipaka yake. Karani wa sensa hupita nyumba kwa nyumba na kuandika. Mhasibu hufunga vitabu vya fedha, na kila shilingi lazima ionekane. Mtakwimu huamua ni nani aulizwe, aulizwe vipi, na jibu la wachache linaweza kusema nini juu ya wengi ambao hawakuulizwa. Akimaliza hutaja jambo ambalo mhasibu haruhusiwi kulitaja: kiasi anachoweza kuwa amekosea.

Masisi na Walikale, teritwari mbili za Kivu ya Kaskazini, neno mtakwimu halisikiki sana sokoni. Watu waliosoma kwa Kifaransa husema statistisyeni; wengine humtaja kwa kazi yake, yule mwenye kuandika watu. Jina la Kifaransa lina historia nyingine. Gottfried Achenwall wa Chuo Kikuu cha Göttingen alilieneza neno Statistik katikati ya karne ya 18, akikusudia maarifa ya kuijua dola: ardhi yake, watu wake, mapato yake, askari wake. Ndani ya statistisyeni mna dola. Ndani ya mtakwimu mna siku na unyoofu. Historia ya kuhesabu watu katika maeneo haya mawili imekwenda kwa muda mrefu kwa maana ya kwanza.

Dola iliyokuja Kongo ilitoka katika nchi iliyokuwa na mwalimu mkubwa wa kazi hiyo. Adolphe Quetelet, Mbelgiji, aliongoza sensa ya Ubelgiji ya 1846 ambayo nchi nyingi ziliiga, na mwaka 1853 aliwakusanya watakwimu wa mataifa mjini Brussels kwa kongamano lao la kwanza. Ustadi huo haukuvuka bahari pamoja na bendera. Katika koloni, mtu aliyefika kijijini na daftari alikuwa msimamizi wa teritwari akiandamana na karani na askari, na alichotaka kujua kwanza ni nani anayepaswa kulipa kodi ya kichwa.

Makaratasi ya utawala yalikuwa na herufi tatu zilizobeba uzito wote: HAV, yaani wanaume wazima wenye nguvu. Hao ndio waliohesabiwa kwa makini, kwa sababu walitozwa kodi, walitengeneza barabara, na waliweza kupelekwa migodini na mashambani. Wanawake, watoto na wazee waliandikwa pia, mara nyingi kwa kukisia. Kila mwanamume mzima alitembea na kitabu chake cha utambulisho, na humo ziligongwa alama za kodi aliyolipa. Mwenye mke mmoja na watoto wanne hai alisamehewa kodi, kwa hiyo idadi ya watoto nyumbani ilikuwa na bei.

Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mzazi hapendi kuwanyooshea watoto kidole na kuwahesabu mmoja mmoja. Ukiongeza kodi na kazi za lazima juu ya mwiko huo, utaona kwa nini vijiji vya msituni Walikale vilikuwa na kila sababu ya kujificha. Teritwari hiyo ina kilomita za mraba zipatazo 23,475, kubwa kuliko nyingine zote za Kivu ya Kaskazini. Sehemu yake kubwa ni msitu. Kwa aliyetaka kutohesabiwa, msitu ulitosha.

Masisi ilihesabiwa kwa sababu nyingine. Mwaka 1937 utawala wa Kibelgiji ulianzisha mpango wa kuhamisha watu kutoka Rwanda, nchi iliyokuwa na msongamano na njaa za mara kwa mara, kuwaleta kwenye vilima vya baridi vya Masisi ambako mashamba ya walowezi yalihitaji vibarua. Mpango huo ulijulikana kwa herufi MIB. Awamu ya kwanza iliishia 1945, ya pili ilikuwa kati ya 1949 na 1955, na hesabu inayotajwa na wanahistoria wengi ni watu wapatao 85,000. Kila familia iliyovuka ilikuwa na karatasi. Huko Gishari wahamiaji walipewa chifu wao juu ya ardhi ya Wahunde, wenyeji wa hapo, kisha 1957 uchifu huo ukafutwa. Tangu hapo swali la nani alifika lini limekaa kwenye ardhi ya Masisi, na tarakimu zile za MIB zimeendelea kutolewa mezani kila ugomvi unapofufuka.

Mtakwimu kwa maana kamili aliingia Kongo katika miaka ya 1950. Kati ya 1955 na 1957 utawala ulifanya uchunguzi wa idadi ya watu kwa sampuli, na miongoni mwa walioufanyia kazi alikuwa Anatole Romaniuk, mzaliwa wa Ukraini, ambaye baadaye aliandika kitabu kikubwa kuhusu uzazi wa watu wa Kongo. Badala ya kumwandika kila mtu, waliteua vijiji kwa kanuni, wakahoji zaidi ya watu milioni moja, na kutokana nao wakakadiria nchi nzima kuwa na watu kama milioni 12.8. Umri ulikuwa tatizo kuliko yote, kwa kuwa wengi hawakujua mwaka waliozaliwa. Katika uchunguzi wa namna hiyo dawa ni moja: kuorodhesha matukio yanayojulikana na kila mtu, kisha kuuliza kila uzazi uliangukia wapi. Uchunguzi ule ulionyesha kwamba uzazi haukuwa sawa kote. Katika sehemu za Équateur, Uele na Maniema wanawake wengi walikuwa hawapati watoto, wakati nyanda za juu za Kivu zilikuwa na uzazi mkubwa. Hapo tarakimu ilianza kumwambia daktari pa kwenda.

Karibu wakati huohuo, Nairobi, Mskoti William Brass alikuwa akifanya kazi katika Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki, na tatizo lake lilikuwa lilelile: nchi zisizo na madaftari ya vifo. Njia aliyoibuni imeingia katika kila chuo cha elimu ya idadi ya watu. Muulize mama maswali mawili tu: umezaa watoto wangapi, na wangapi wako hai? Weka majibu pamoja na umri wa mama, na kwa hesabu maalumu utakadiria ni watoto wangapi kati ya elfu wanaofariki kabla ya kukua. Mama wa Masisi anaweza asikumbuke tarehe yoyote, lakini hakuna mama asiyejua watoto aliowazika.

Baada ya uhuru serikali ilihesabu watu kiutawala mwaka 1970. Kisha, tarehe 1 Julai 1984, ikafanyika sensa ya kisayansi, ya kwanza na hadi leo ya pekee. Nchi wakati huo iliitwa Zaire, na Kivu ilikuwa mkoa mmoja. Ilikatwa vipande vitatu mwaka 1988. Jibu la sensa lilikuwa watu milioni 30.7. Kazi iliangukia Taasisi ya Taifa ya Takwimu, inayojulikana kwa herufi zake za Kifaransa, INS.

Mtu aliyezaliwa siku ile ya sensa sasa amepita miaka 40. Tangu hapo, kila idadi inayotajwa ya watu wa Masisi, ya Walikale, ya Kivu ya Kaskazini na ya Kongo yenyewe ni makadirio, na makadirio yana mtego wake. Chukua milioni 30.7 za 1984, uzikuze kwa asilimia 3 kila mwaka kwa miaka 40: utapata kama milioni 100. Zikuze kwa asilimia 2.5: utapata kama milioni 82. Nusu asilimia imezaa watu milioni 18 ambao huenda wapo au hawapo. Na hapo mtakwimu amedhani kwamba kila mtu alibaki kwake. Masisi ni wachache waliobaki kwao miaka yote 40.

Hata hivyo tarakimu za makadirio ndizo zinazogawa vitu. Idadi ya chanjo kwa eneo la afya, magunia ya unga, viti vya bunge, vyote hupita humo. Muuguzi wa Walikale akichanja watoto wengi kuliko idadi iliyoandikwa, ripoti yake husema amefikia asilimia 120, na mtu asiyejua atadhani amedanganya. Kilichokosewa ni kigawanyo.

Kuhesabu watu kumekuwa pia jambo la kuogopwa, na Masisi inayo kumbukumbu yake. Sheria ya Januari 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Rwanda na Burundi waliokuwa wakiishi Kivu kabla ya Januari 1950; sheria ya Juni 1981 ikaifuta na kurudisha kipimo hadi enzi za mababu wa karne ya 19. Mwaka 1991 serikali ilituma Kivu ya Kaskazini watu wa kutambua nani raia na nani si raia. Kwa familia ambazo hesabu hiyo ingeweza kuzinyima kura na ardhi, daftari lile lilionekana kama hukumu, na katika Masisi kazi ya kuandika ilikutana na vurugu. Wenyeji wengine waliona kinyume chake: kwao daftari ndilo lililochelewa kuja. Machi 1993 mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi. Waliokufa walikuwa wangapi? Makadirio yalianzia 6,000 yakapanda hadi zaidi ya 10,000, na waliohama walitajwa kuwa robo milioni. Hakuna aliyehesabu makaburi moja moja. Mwaka 2004 sheria mpya ya uraia ilisogeza kipimo hadi siku ya uhuru, 1960.

Vita vilivyofuata mauaji ya 1993 viliwaleta watakwimu wa aina nyingine, wenye viatu vya matope na mikoba ya dodoso. Kuanzia mwaka 2000 shirika la International Rescue Committee, likiongozwa katika chunguzi za mwanzo na mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko Les Roberts, lilifanya mfululizo wa chunguzi za vifo mashariki mwa Kongo, kisha nchi nzima. Njia yao ilikuwa sampuli ya makundi. Huteuliwa vijiji kwa bahati nasibu. Katika kila kijiji huteuliwa kaya kwa bahati nasibu pia. Mahali pasipo na ramani ya nyumba, timu nyingi husimama katikati ya kijiji na kuzungusha kalamu chini. Kalamu ikitulia, wanafuata uelekeo wa ncha yake hadi mwisho wa kijiji, wakihesabu nyumba, na mojawapo ya hizo huchaguliwa kwa namba ya kubahatisha kuwa ya kwanza. Wanakijiji huweza kuona kama mchezo. Kalamu ile inazuia chifu asiwapeleke wahojaji kwa jamaa zake, na inawazuia wahojaji wenyewe wasiishie kwenye nyumba zilizo karibu na barabara.

Januari 2008 shirika hilo lilitoa jumla yake: vifo milioni 5.4 vya ziada kati ya Agosti 1998 na Aprili 2007. Tarakimu hiyo ilizunguka dunia. Wengi waliisoma kama idadi ya waliouawa kwa risasi, lakini ripoti yenyewe ilisema walio wengi walikufa kwa malaria, kuhara, homa ya mapafu na utapiamlo, magonjwa yanayotibika ambayo vita vilikuwa vimeyafungia njia ya hospitali. Watakwimu wenzao waliihoji kwa nguvu. Neno “ziada” linataka kipimo cha kawaida: wangekufa wangapi kama vita visingekuwapo? Shirika lilitumia vifo 1.5 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi, wastani wa Afrika kusini mwa Sahara. Wakosoaji walisema Kongo ilikuwa maskini kuliko wastani huo hata kabla ya vita, na kwamba 2.0 ingekuwa karibu zaidi na kweli. Wabelgiji wawili, André Lambert na Louis Lohlé-Tart, walianza na sensa ya 1984 na madaftari ya wapiga kura, wakafikia kama 200,000 kwa miaka ya 1998 hadi 2004.

Milioni tano au laki mbili. Umbali kati ya tarakimu hizo mbili ni urithi wa mwaka 1984. Pasipo na sensa hakuna pa kuanzia, na pasipo na pa kuanzia watu waaminifu wanaweza kufanya kazi nzuri na kufika mahali mbalimbali kabisa. Mjane wa Masisi hakuhitaji kipimo cha kawaida kujua amefiwa. Alihitaji kifo cha mumewe kihesabiwe kimoja, kisipungue na kisiongezeke.

Kuna mahali hesabu ilifanywa jina kwa jina. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, wapiganaji wa makundi yaliyoungana, wakiwemo wanamgambo wa Mai-Mai wa Ntabo Ntaberi Sheka na waasi wa Kihutu kutoka Rwanda wa FDLR, waliingia vijiji 13 kwenye barabara ya Kibua hadi Mpofi, Walikale, Luvungi kikiwa kimojawapo. Habari za kwanza zilitaja wahanga wa ubakaji zaidi ya 150. Wiki moja baadaye idadi ilikuwa imepanda, ikapanda tena. Ripoti ya awali ya Umoja wa Mataifa ya Septemba 2010 iliandika watu wasiopungua 303: wanawake 235, wasichana 52, wanaume 13 na wavulana 3. Ripoti ya mwisho ya 2011 ilifikisha 387.

Tarakimu iliyokuwa ikipanda iliwatia shaka watu wa mbali. Kwa aliye karibu ilieleweka. Wengine walikuwa bado wamejificha msituni. Wengine waliogopa kufukuzwa na waume zao, au washambuliaji kurudi. Wanaume nao walichelewa kusema. Orodha ya namna hiyo haikadirii. Inaandika waliojitokeza, na ndiyo maana ripoti zote zilitumia neno “wasiopungua”. Neno hilo ni kazi ya mtakwimu sawasawa na tarakimu inayolifuata. Sheka alijisalimisha 2017, na tarehe 23 Novemba 2020 mahakama ya kijeshi Goma ilimhukumu kifungo cha maisha. Wanawake waliosimama kutoa ushahidi mbele ya majaji walikuwa wamekwisha kuhesabiwa miaka kumi kabla.

Kwa kulinganisha, mwaka 2011 jarida la afya la Marekani lilichapisha makadirio yaliyotoka kwenye uchunguzi wa kaya wa 2007: zaidi ya wanawake 400,000 wa Kongo walibakwa katika miezi 12, na Kivu ya Kaskazini ilikuwa na kiwango kikubwa kuliko mikoa yote, wanawake 67 kwa kila 1,000. Njia hiyo haikusubiri mtu ajitokeze hospitali. Iliuliza waliochaguliwa kwa sampuli. Orodha ya Luvungi na sampuli ya taifa ni hesabu za aina mbili, na anayezijumlisha pamoja amezipotosha zote.

Madini yana daftari lake pia. Huko Bisie, Walikale, ambako kasiterite, madini ya bati, ilianza kuchimbwa kwa wingi tangu 2002, kipimo kilikuwa gunia la kilo 50 lililobebwa mgongoni kwenye njia ya msitu ya kilomita kama 45 hadi Njingala. Kutoka hapo ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya lami ya Kilambo na kupeleka mzigo Goma. Hesabu ya kweli ilikuwa miguuni mwa wapagazi na katika vizuizi vya watu wenye silaha waliotoza kila gunia. Baadaye, migodi kadhaa ikiwemo ya Rubaya katika Masisi ilipewa vibandiko vya plastiki vyenye namba, kimoja mgodini na kingine kwa mfanyabiashara, ili gunia lijulikane limetoka wapi. Koltani ya Rubaya ilipoingia mikononi mwa waasi wa M23 mwaka 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kundi hilo lilikusanya karibu dola 800,000 kwa mwezi kutokana na ushuru wa madini. Gunia la Masisi limefuatiliwa kwa namba hadi kiwandani, wakati mchimbaji aliyelijaza hana namba yoyote ya kuzaliwa.

Kitu kilicho karibu zaidi na ofisi ya takwimu katika maeneo haya ni kituo cha afya. Mwisho wa mwezi, muuguzi mkuu wa kituo, ambaye kila mtu humwita IT, hukaa na fomu ya ripoti ya mfumo wa taarifa za afya. Mbele yake kuna karatasi za vijiti: mistari minne ya wima na mmoja wa mlazo, mtu wa tano. Malaria chini ya miaka mitano, vijiti kumi na viwili. Homa ya mapafu, vinane. Waliozaliwa hai. Waliofariki. Masisi ina zone za afya nne: Masisi, Kirotshe, Katoyi na Mweso. Walikale nazo ni nne: Walikale, Kibua, Pinga na Itebero. Kila kijiti kinapaswa kufika makao ya zone, kisha Goma, kisha Kinshasa, hata kama kinaanza safari kwa miguu au kwa pikipiki iliyozama matopeni.

Agosti 2019 safari hiyo ilionekana thamani yake. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa mwaka mmoja kabla upande wa Beni ulitokeza mgonjwa katika zone ya Pinga, mbali na vituo vyote vya mlipuko. Orodha ilianza saa ileile: nani alimgusa, nani alilala naye chumba kimoja, nani alisafiri naye. Kila jina lilipaswa kufuatwa siku 21. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika Juni 2020 ulikuwa umeua watu 2,287; Pinga haikuwa kitovu kipya.

Mwaka 2022 Tanzania ilihesabu watu wake, makarani wakiwa na vishikwambi mikononi, na jumla ikatolewa iliyofika hadi mtu wa mwisho: 61,741,120. Mwaka uliofuata Kongo iliandikisha wapiga kura. Masisi na Rutshuru hazikuandikishwa kikamilifu kwa sababu ya vita, wala hazikupiga kura Desemba 2023. Kwa wengi kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho pekee, kwa hiyo kijana wa Masisi aliyefikia miaka 18 mwaka ule alikosa vyote viwili kwa pamoja. Mwaka 2024 idadi ya waliohama makwao nchini ilipita milioni 7. Machi 2025 M23 iliingia Walikale-Centre, ikaondoka mwanzoni mwa Aprili.

Tarehe hizo zimeingia kwenye kalenda. Timu inayojiandaa kwa uchunguzi mpya hukaa kwanza na wazee, wakunga na walimu, wakauliza ni nini watu wa hapa hawawezi kukisahau. Orodha hutofautiana kutoka kilima hadi kilima. Sehemu moja wanataja Januari 2002, lava ilipopita katikati ya Goma. Nyingine Novemba 2012, mji ulipoanguka mara ya kwanza mikononi mwa M23. Walikale wanataja kufungwa kwa migodi Septemba 2010 na kufunguliwa Machi iliyofuata. Kila tukio huwekwa mbele ya mwezi wake, jedwali linachapwa, nakala zinagawiwa, na mhojaji anaikunja yake mara nne na kuitia mfukoni.

Mtoto wa Juni 2021 anapimwa urefu kwenye ubao, kisha mkono wake wa kushoto unazungushwa utepe. Rangi ni ya njano. Mhojaji anaandika milimita kwenye safu yake, anamwelekeza mama siku ya kituo cha lishe, anamshukuru, na kuhesabu nyumba hadi ya pili.